Mtoto Aliyejua Ndiyo Tu

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, kama ya jana. Asubuhi hii uliponiambia kwamba shule imemrudisha binti yako Dorcas, na kwamba Jumatatu unaanza kumfundisha mwenyewe nyumbani, siku ile ilinijia yote. Nikasema moyoni, huyu nisipomwambia atapita njia yangu ile ile. Basi kaa. Acha sahani, zitaoshwa.

Mwanangu Kalenga unamjua, mwanaume mzima sasa, anayekusalimu kila siku kutoka uani kwetu. Alizaliwa na hali kama ya Dorcas, ile madaktari wanayoiita trisomie, yaani sindromu ya Down. Anachelewa kusema, anachelewa kushika, lakini akishika jambo haliachii. Alipofika miaka saba mwalimu alinirudishia, akasema darasa lina watoto wengi mno. Nilikuwa kijana bado, na nilikuwa mwoga. Mtoto wa namna hiyo akivunja kikombe tu, ulisikia watu wakinong'ona kwamba ni ndoki, mchawi. Nimeona watoto wakifukuzwa makwao kwa neno hilo. Nililiogopa kuliko homa.

Kwa hiyo shule yangu ya nyumbani niliifungua kwa woga. Nilitandika mkeka barazani, nikanunua kibao na chaki, lakini a, e, i, o, u nikaziweka kando. Somo la kwanza lilikuwa heshima. Nilitaka mtoto ambaye midomo ya watu haitapata pa kumshika. Nikamfundisha kupiga magoti na kupiga makofi taratibu mbele ya mkubwa, kama tunavyosalimu sisi. Kupokea kwa mikono miwili. Na mkubwa yeyote akimwita, aitike "Ndiyo" na kwenda mbio. Nilikuwa najificha nyuma ya nyumba, nawaomba majirani wapite njiani na kumwita, "Kalenga, kuya huku!" Akienda, nampa karanga. Akisita, simpi. Samaki mkunje angali mbichi, nilikuwa nikisema, na nilijiona mwalimu kweli kweli.

Watu wakanisifu. "Mama Kalenga, mutoto yako iko na heshima kupita batoto yetu!" Kichwa kilinivimba, sikufichi.

Siku yenyewe nilikuwa nyuma ya nyumba nachambua sombe, majani ya muhogo, na mume wangu yuko zamu kiwandani. Niliporudi barazani nikakuta mkeka, kibao na viatu vya Kalenga. Mwenyewe hayupo. Nikaita. Mtoto aliyezoea kuitika kabla sijamaliza jina lake, kimya. Nikatoka njiani kuuliza.

Jirani aliyekuwa akianika mahindi alinijibu bila wasiwasi. "Nimemuona na mwanaume mumoja wa baiskeli, banaenda njia ya Kamatanda. Nilizani ni mujomba yake. Alikuwa anamufwata muzuri."

Unajua kuna nini huko: mashimo ya wachimbaji, membamba, marefu, yasiyo na hata ubao wa kuyashikilia. Nilikimbia bila viatu. Niliinama kwenye mdomo wa kila shimo nikaita jina lake, na kila shimo likanirudishia sauti yangu. Nikaanza kumwomba Mungu anionyeshe hata nguo yake tu. Kisha nikaliogopa ombi hilo, nikamwomba asilisikie.

Nilimkuta penye tundu ambalo mabega ya mtu mzima yasingepita. Alikuwa amefungwa kamba kiunoni. Aliponiona hakulia wala hakunikimbilia. Alipiga magoti kwenye vumbi, akanipigia makofi ya salamu, kisha akatabasamu na kunyoosha kiganja, akingoja karanga.

Yule mwanaume wa baiskeli akaiachia kamba, akarudi nyuma, mikono juu. "Mama, miye sikumukamata kwa nguvu. Nilimuuliza mara tatu kama atashuka. Alisema ndiyo, mara tatu."

Nilimpita, nikashika lile fundo la kamba. Halikufunguka. Ni yule mwanaume aliyelikata kwa kisu.

Nyumbani nikamkuta Tantine Vero, shangazi wa mume wangu, ametoka kijijini Koni na samaki wake wa mto Lufira. Alimwosha Kalenga miguu huku akinisikiliza mpaka mwisho. Mimi nilikuwa nangoja pole.

"Ule mwanaume ni mubaya," akasema. "Lakini ile kamba, ni weye mwenyewe ulianza kuifunga. Unasema ulimufundisha heshima? Apana, mama. Ulimufundisha woga yako. Weye unaogopa bantu, basi yee anatii bantu yote."

Nilikasirika, mwanangu, kwa sababu ilikuwa kweli. Heshima si utumwa. Maneno hayo nilikuwa nayajua tangu utoto, lakini nilikuwa nawapa wengine tu.

Kesho yake tukaanza upya na somo moja. Tantine alisimama njiani akimwita kama mgeni, nami nikamshika Kalenga mkono nikisema naye, "Apana. Mama kwanza." Alilia. Aliona ni kosa, maana mimi ndiye niliyemwambia ni kosa. Wiki ya kwanza alikwenda kila alipoitwa, na mwezi wa pili vile vile. Woga ulinila hata nikawa naenda bombani nimembeba mgongoni kwa kitenge, mtoto wa miaka saba, miguu inagonga ndoo! Cheka tu. Siku zile sikucheka.

Ikafika Pasaka. Baba mkwe akaja kutoka Kolwezi, mzee wa watu, ambaye Kalenga hakuwa amemwona tangu akiwa mchanga. Ua ulijaa majirani. Mzee akakaa, akanyoosha mkono. "Kuya, mwana yangu."

Kalenga akasimama wima. Hakupiga magoti. Akasema, na watu wote wakasikia, "Apana! Mama kwanza."

Macho yote uani yakanigeukia. Lile neno nililoliogopa, ndoki, nikaliona kwenye kila uso. Mkono wangu ukainuka kumpiga, mwanangu, nakwambia ukweli. Kofi moja lingetosha. Kazi ya miezi yote ile ingepotea, naye angekuwa wa kila mtu tena. Nikaushusha mkono juu ya kichwa chake.

"Baba," nikasema, "munihurumie. Miye ndiye nilimufundisha vile."

Mzee aliondoka bila kuonja bukari yangu, ugali wetu, na miaka miwili ilipita kabla hajarudi.

Basi Jumatatu usianze na herufi. Zitakuja, kwa Kalenga zilikuja akiwa na miaka kumi na mmoja. Mfundishe Dorcas jina lake, mwili wake, na watu anaoweza kuwafuata. Watatu wanatosha. Salamu mfundishe pia, lakini awe amekushika mkono. Na kila asubuhi jiulize: somo hili ni la mtoto, au ni la woga wangu? Woga wenyewe hautaisha, nisikudanganye. Kalenga akikawia dakika tano mimi bado nasimama mlangoni. Ila uutume ukuangalizie mtoto, usiutume kwa majirani. Wanasema mchelea mwana kulia hulia yeye, na ni kweli, lakini mimi nusura nilie maisha yangu yote kwa sababu mwanangu hakujua kukataa. Siku Dorcas atakapokukatalia wewe mwenyewe, mbele ya watu unaowaheshimu, utaona aibu. Ona aibu, usimpige.

Haya, nenda, mtoto anakungoja. Mungu amtangulie Dorcas kila anapokanyaga. Akupe subira siku usiyoiona ikija, na habari mbaya zisijue mlango wako. Mtoto wako akue, aote mvi, na yeye ndiye akuzike wewe, si wewe umzike yeye.