Tundu la Mzee Kipua

Shangazi Chapa hakuona tangu utotoni, lakini masikio yake, acha kabisa. Pale hospitalini madaktari walirekodi ripoti zao kwa sauti, naye akazichapa bila kukosa nukta. Msaidizi wake alikuwa kiboksi kilichounganishwa na kompyuta kwa waya mnene wa kizamani, ule wa kukazwa kwa skrubu. Kilimsomea kila alichoandika, kwa sauti ya puani, mbio kama dalali mnadani. Alikiita Mzee Kipua. Kiswahili kilimpiga chenga yule mzee, maana hakuundwa kwa ajili yake, ila Shangazi alishamzoea kama unavyomzoea mkwe aliyetoka mbali. Mumewe, fundi cherehani, alikuwa akiwalalamikia wateja kwamba nyumbani kwake yeye ni mume mwenza tu.

Basi asubuhi moja Shangazi akapapasa meza yake ya kazi, akakuta kitu chembamba, laini. Kompyuta mpya, na kioo chake kipana kando. Ile ya zamani fundi kompyuta kaipeleka stoo ikatupwe, kwa kuwa kioo chake kimekufa, na bwana huyo alitaraji kushukuriwa. Shangazi akapitisha vidole pande zote za mashine. Tundu la Mzee Kipua halipo. Fundi akamweleza kwamba siku hizi matundu hayo hayatengenezwi, ila humu ndani mna sauti mpya, tamu. Tamu kweli, lakini ukiiharakisha inameza maneno, na ripoti ya mgonjwa haimezwi jamani. Shangazi akaogopa. Bila yule mzee kazi ingemtoka mikononi, na kazi hiyo aliipenda mno.

Hakugomba. Alimbeba Mzee Kipua, akamshika fundi mkono wakaenda stoo, akamchomeka kwenye ile maiti, akaiwasha, akaanza kuchapa. Kioo cheusi tii, Mzee Kipua anaropoka. Fundi akainama kukitazama kioo.

"Kioo hiki kilikufa lini, Shangazi?"

"Nitajuaje, mwanangu? Hakuna aliyeniambia."

Fundi alicheka mpaka akakaa juu ya maboksi, kisha haya ikamshika. Akazunguka madukani kutafuta waya wenye kichwa kipya huku na cha kizamani kule. Wa kwanza ukagoma. Wiki nzima mzee kimya, Shangazi nyumbani hana utani, hata mumewe akakiri kwamba amemkumbuka mume mwenzake. Fundi naye hakukata tamaa, akaleta mwingine, akachomeka, akakaza skrubu.

Mzee Kipua akaongea, tena kwa pua ileile. Shangazi alipiga kigelegele wauguzi wakaja mbio wakidhani kuna aliyejifungua ofisini. Akafuta machozi kwa kanga, akacheka, akamshukuru fundi mara chungu nzima. Kisha akakisukuma kile kioo kipya, kipana, mpaka ukingoni mwa meza.

"Hiki kichukue, mwanangu, umpe anayekihitaji. Mimi kinanibania nafasi ya kikombe."