Nani Alikata Utambi wa Friji

Siku yangu ya kwanza kazini Daktari hakunionyesha mgonjwa. Alinipeleka chumba cha nyuma, akaonyesha friji nyeupe iliyochakaa, akasema, "Hii ikizima, umeua watoto." Basi. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini, nimemaliza shule, Fomu Foo, juzi juzi, na dispensari yetu ya kanisa nje ya mji wa Isiolo haikuwa na stima.

Mimi si mzee. Nimeacha kazi juzi tu, na mtoto wangu wa tatu bado ananyonya. Lakini nyinyi wasichana mnaoajiriwa sasa mnakuta stima, kwa hivyo nisikilizeni.

Friji yetu ilikuwa ya mafuta ya taa. Chini yake kuna tangi na utambi, na moto huo ndio unaoleta baridi. Msiniulize vipi, hata Daktari hakujua. Moto ukiwa wa bluu, dawa ya chanjo iko salama. Ukigeuka njano, masizi yanaziba bomba la moshi na chanjo ya surua inakuwa maji. Mama anaenda nyumbani akidhani mtoto amekingwa, kumbe hapana. Kwa hivyo kila jioni utambi lazima ukatwe, unyooke. Hayo nilifundishwa na mfagizi wetu, mama Mturkana ambaye hakuingia darasa hata moja. Miaka sita nilikata utambi huo, mwisho nikikata na mtoto mgongoni.

Halafu surua ikaingia upande wa Kipsing. Jumapili moja mkubwa wa afya alikuja kanisani, akamsimamisha Daktari mbele, akamsifu kwamba chanjo yake haijaharibika hata chupa moja. Watu wakapiga makofi. Akapewa blanketi. Nilimngoja mlangoni.

"Daktari, utambi unakatwa na nani?"

Akacheka. "Mama Mwiti, si yote ni kazi ya Bwana?"

"Basi leo Bwana akate."

Nikaenda nyumbani, nikafua nguo, jioni ikapita. Asubuhi hasira ilikuwa imeisha, nikakimbilia kazini. Nilipofika, akina mama wa Kipsing walikuwa wamejaa kando ya ukuta na watoto wao, wametembea tangu jana. Nilijua nitasimama mbele yao niwaambie warudi, na niseme kwa nini. Nikainama chini ya friji.

Moto ulikuwa bluu.

Mfagizi alikuwa akimwaga maji sakafuni.

"Mama, ni wewe umekata?"

"Toa mguu, napiga deki."

"Ngoja nimwambie Daktari. Wacha wajue."

Akasimamisha ufagio. "Mimi nilikufundisha wewe. Wewe uliambia nani?"

Miaka sita, sikuwa nimemwambia mtu nani alinifundisha.

"Siulizi kwa ubaya," akasema. "Mungu ameona huo utambi, imetosha. Hawa watoto wamekujia dawa, hawakukujia jina ya mtu. Fungua mlango, jua inapanda."

Tulichanja mpaka chupa zikaisha.

Daktari bado ananikasirisha, sitaficha. Lakini siku niliyoaga kazi, pale kanisani, ilikuwa zamu yangu kusifiwa kwa friji ile ile. Nikasimama nimtaje yule mama. Alikuwa kwenye benchi la mwisho, akatikisa kichwa kukataa, mara moja tu. Nikashukuru, nikakaa.

Ndiyo maana jina lake hamlisikii hapa.