Sumu isiyotaka moshi

Saa kumi na mbili asubuhi, Nyanzala Masele amechuchumaa mbele ya mzinga huko Ugalla, bila moshi. Nyuki wawili wameshamdunga shingoni. Hajikuni.

"Ukijikuna unatikisa kioo," anatuambia sisi wageni wake. "Nyie kaeni hapo hapo."

Mlangoni mwa mzinga amelaza kioo chenye nyaya zilizounganishwa na betri. Nyuki wakiguswa na umeme huo mdogo hukidunga kioo kwa hasira, na sumu yao hukaukia juu yake kama chumvi. Nyanzala huikwangua kwa wembe. Mizinga kumi haijazi hata kijiko cha chai.

Sumu hiyo husafirishwa hadi maabara ya chuo kimoja Dar es Salaam. Watafiti hutoa humo peptidi, yaani vipande vidogo vya protini, wakazidondosha kwenye seli za saratani zinazokuzwa katika visahani, kuona kama zitapunguza kasi ya kukua.

Mzigo wake wa kwanza ulikataliwa. Mazoea yana tabu: alifukiza mizinga moshi wa kutuliza nyuki, kama baba yake alivyomfundisha, masizi yakaingia kwenye sumu, na msimu mzima ukapotea bure. Dk. Telesfori, kiongozi wa utafiti, akamwambia imebaki nafasi moja tu.

"Nililia," anasema mama huyo wa miaka 41. "Lakini kulia hakukwangui kioo."

Ana sababu ya kung'ang'ania. Mdogo wake, Kabula, anatibiwa saratani ya titi. Siku moja Kabula aliitazama chupa ya sumu, uvumilivu ukamwisha, akagusa kifua: "Dada, si uniwekee nyuki hapa hapa? Kwa nini mpaka Dar?"

Nyanzala akakataa katakata. "Nilimwambia, seli ya kwenye kisahani haina moyo wala figo. Wewe unavyo. Twende hospitali." Tarehe ya kliniki ikifika, humsindikiza mwenyewe hadi Mpanda mjini.

Wiki iliyopita Dk. Telesfori alipiga simu. Mzigo wa pili ulikuwa safi. Seli za saratani zilipunguza kasi ya kukua, ila seli nyingi zenye afya nazo zilikufa. Kabula, aliyeketi karibu akisikiliza, akainamisha kichwa. Iliuma.

"Kwa hiyo daktari, bado mnahitaji sumu?" Nyanzala akauliza.

"Sana, mama."

"Basi mie nipo."

Sasa anatengeneza mizinga mitano mingine. Kabula humshikia mbao siku anazojisikia ana nguvu, na wa tano ameshaupaka rangi ya bluu.

"Huu ni wangu," anasema Kabula. "Msimu ujao, kioo chake nitakikwangua mwenyewe."