Kidevu cha Mchezeshaji Wangu

Watu huniuliza mchezaji anayejiona afanyweje. Huuliza huku jibu wanalo mfukoni: mshushe. Mimi simshushi mtu, na kwa ukaidi huo msimu huu nusura ninyang'anywe timu.

Timu yenyewe ni ya wasichana, watoto wa jamaa zetu waliorudi Maskati kutoka Unguja na bara. Tunacheza Ijumaa baada ya alasiri, kwenye uwanja wa kukodi wa nyasi bandia kule Mawaleh. Siku za kazi mimi niko wizarani, Ijumaa ni kochi. Mama zao hukaa pembeni juu ya mkeka na chupa zao za chai, na hao ndio kamati. Wao ndio walionipa kazi hii, na kila wiki hunikumbusha.

Mchezeshaji wangu ana miaka kumi na tisa. Mpira wote lazima upite kwake, na zamani ukishafika kwake ulikuwa hautoki. Hutembea kidevu juu, hata akienda kunywa maji. Sikumhubiria. Nilimtia golini mazoezi ya wiki mbili.

"Kochi, mimi na golini wapi na wapi?" akalalamika.

"Kaa tu."

Akakaa, kanuna. Kule nyuma aliona kwa mara ya kwanza jinsi mabeki wetu wanavyokimbia roho juu kila mara mtu wa mbele anapopokonywa mpira. Wiki ya tatu nikamrudisha kati, akaanza kutoa pasi. Kiburi chake sikukigusa, nilimwongezea macho tu.

Basi kabla ya mechi na wasichana wa Matrah akawapelekea ujumbe wa sauti kwenye simu: "Tunakuja kuwafunga tatu. Mbili zangu." Wala inshaallah hakusema.

Sauti ile ilifika mkekani kabla ya mpira kuanza. Mama mmoja alikuja na chetezo, akafukiza ubani magoli yote mawili, hata la wapinzani, maana kwa haraka hakuuliza letu lipi.

"Kajitia jicho mwenyewe, na sisi katutia," alisema mkubwa wao. "Leo mkalishe benchi."

"Atacheza, bibi," nikasema.

Akacheza, tena vizuri. Tulikuwa bao moja kwa moja tulipopata penalti. Akaweka mpira, akauchota polepole katikati ya goli, akitegemea kipa ataruka. Kipa hakuruka. Aliudaka kama mtu anayepokea chungwa. Dakika mbili baadaye tukafungwa.

"Mbio za sakafuni huishia ukingoni," alisema mama mkubwa, akikunja mkeka. "Nnakwambia mapema, mwanangu. Mtoto yule aombe radhi na akae benchi, au tutatafuta kochi mwengine."

Radhi aliomba mwenyewe. Ijumaa iliyofuata alipita mkekani akawabusu mikono mmoja mmoja. Benchi nilikataa. Lakini aliyeingia uwanjani siku ile hakuwa mchezaji wangu. Kila pasi alirudisha nyuma. Kila mpira ukimtoka, "Samahani." Mwenzake akikosea, yeye ndiye "Samahani." Macho chini, kidevu kifuani.

"Sasa kawa mtoto mzuri," mama mmoja akasema, na wenzake wakaitikia mashaallah.

Nilikasirika hata nikataka kulia. Msichana yule wa macho chini namjua. Nilikuwa yeye miaka mingi. Utotoni Darsait, kwenye uchochoro nyuma ya magereji, nilikuwa nawapiga chenga kaka zangu na binamu zangu wote, na nikijisifu waziwazi. Nikaambiwa nina mdomo, mtoto wa kike hajisifu. Nikatii. Nikajifunza kusema "sijui" kwa mambo ninayoyajua, na kazini nikaendelea hivyo, huku wasiojua wakisema "najua" na kupandishwa vyeo. Na mimi pia walinisifu kwamba nimekuwa mtoto mzuri.

Ijumaa ile tukapata penalti tena. Alikuwa karibu na mpira kuliko wote. Akaugeuzia mgongo, akaanza kutembea kuelekea katikati ya uwanja.

"Mpe mwengine, bibi we," mama mkubwa akaniambia kutoka mkekani. Hakupaza sauti. Alijua nimesikia, na nilijua maana yake.

Nikamwita msichana. "Rudi. Wewe ndiye unayepiga."

Akaja mpaka kwenye mstari. "Kochi, nikikosa tena?"

"Utakuwa umekosa. Ijumaa ijayo nitakupa tena."

"Na wao?" Akatupa jicho mkekani.

"Wao niachie mimi."

Kwa kweli sikujua nitawafanyaje. Huenda Ijumaa ijayo angekuwepo kochi mwengine, mpole kuliko mimi. Lakini nilikwishasema, na sikuona haya.

Akarudi, akauweka mpira, akaufuta kwa kiganja, akapiga hatua nne nyuma. Akamtazama kipa. Kidevu kikapanda taratibu, mpaka pale pale kilipokuwa siku zote. Nyuma yangu nikasikia mtu anafyonya.

Sikugeuka. Nikaanza kumpigia makofi kabla hajapiga mpira.