Mkubwa Aliyejificha Ndani ya Kompyuta ya Binti Yangu

Nyumba ya bibi yangu, kule Ujiji, ilikuwa na mlango wa uani ambao mgeni hakuujua. Mgeni alipiga hodi mbele, akakaa barazani, akaondoka akidhani nyumba ina mlango mmoja. Sisi tulipita nyuma, tena bila hodi, mchanga wa ziwani miguuni, bibi anatutukana. Alikuwa na mdomo, Mungu amrehemu. Lakini si yake ninayotaka kusema.

Nataka kusema ya kompyuta. Binti yangu aliinunua ya mtumba, tukiwa hapa mtaa wa Rusimbi, miaka ile wakimbizi wa Burundi wamejaa makambini. Picha zote za marehemu mama yake zilikuwa humo, nyingine hatuna. Siku za msiba akabadilisha neno la siri, akalisahau. Mafundi wa mjini wakasema dawa ni kufuta yote na kuanza upya. Akalia kama tunazika mara ya pili.

Chumba cha uani alipanga mwalimu mmoja Mrundi, katoka kambini bila kibali. Akikamatwa, anarudishwa. Sikumuuliza mengi. Akasema, "Mzee, niione."

Akaizima, akaiwasha huku anabonyezabonyeza kitufe cha juu. Kwenye kioo, pale pa kuandika neno la siri, likatokea jina ambalo hatujawahi kuliona.

"Huyu nani kaingia kwetu?"

"Hakuingia, mzee. Kaja nayo tangu kiwandani. Ndiye mkubwa wa mashine, ila siku zote hajitokezi. Na neno la siri hawakumwekea."

"Yaani mlango wa uani!"

"Ego, mzee," akaitikia kwa Kirundi, "ndio huo."

Akapita kwa jina la huyo mkubwa, akampa binti yangu neno jipya, picha zikafunguka. Mke wangu huyo, kakunja uso, kashika sahani ya samaki wa migebuka. Kisha mwalimu akamwekea na mkubwa neno la siri. "Asije mwingine akapita nilipopita mimi."

Kwetu jambo kama hilo halipiti bila kisomo. Binti akapika pilau, akaita majirani wamwombee mama yake dua na waone picha. Jirani mmoja, mtumishi wa serikali aliyehamishiwa huku, akauliza, "Fundi nani? Na yangu imegoma."

"Huyu hapa, mpangaji wetu!" Binti anacheka, anamwonyesha kwa mkono.

"Ahaa! Njoo ofisini kesho, ndugu yangu. Kwani kwenu wapi?"

Mwalimu akasema ngoja anawe kwanza. Akaweka sahani chini, pilau nusu, akatokea mlango wa uani. Nikasikia ndala zake mpaka kwenye uzio, zikashika njia ya Katonga, ya kushukia ziwani, na hakurudi tena.