Pua ya Mzee Mukuka

Mtu akikuambia kwamba Hortense ni mwanamke mpole, ujue hajawahi kuishi naye ukuta kwa ukuta. Mimi naishi naye hivyo hapa Katuba, na kila siku nasikia anavyobamiza milango. Ni mchapakazi, hilo simnyimi. Analima mahindi yake Kasungami, anauza unga wa bukari, ndio ugali wetu, mbele ya nyumba, ana ulimi mkali, na anamchukia wifi yake Cathy kwa moyo wote. Cathy naye asidhani nitamwacha: anamrudishia chuki hiyo hiyo, na nyongeza juu.

Ugomvi wao ni wa kichwa cha shaba. Baba yake Hortense, mzee Mukuka, alikuwa mfua shaba katika karakana ya mgodi. Siku za mapumziko alikuwa akifua sanamu za kichwa na mabega, akiligonga bati la shaba kwa nyuma mpaka uso utokeze mbele, na wazungu wakizinunua kupamba sebule zao. Uzee ulipomkaribia akafua mbili ambazo hakuziuza: moja ya mkewe, na moja yake mwenyewe. Pua yake ilivunjwa kazini na kamba ya chuma, ikaenda upande, na mzee hakuona haya. Aliifua hivyo hivyo, imepinda. Picha zote za familia zilioza kwa mvua mwaka ule bati la paa liling'oka, kwa hiyo uso wake ulibaki pale tu.

Alipokufa, ukoo ulikata shauri hivi: sanamu ya mama iende kwa binti, ya baba iende kwa mwana. Mwana ni Fils, mume wa Cathy, mtu asiye na kauli nyumbani kwake, tena anafanya kazi Kilwa ya huku kwetu, si ile ya pwani, na kurudi pale barabara inapopenda. Basi mzee akabaki kwa Cathy, juu ya kabati la vyombo, na Hortense akawa anakwenda kumwona kama mtu anayekwenda kumwona mgonjwa. Cathy alimpokea akiwa amesimama mlangoni. Kiti hakumpa hata siku moja.

Mwaka juzi, karibu na sikukuu ya mavuno, Cathy alisema kwenye bomba la maji, makusudi Hortense asikie:

"Ule muzee iko ananitazama wakati niko nakula. Bukari haipite. Nitamutoa ku paroisse siku ya mavuno."

"Baba yangu haiko kuku ya kupeleka ku mavuno," Hortense akamjibu. "Unipatie miye."

"Ukamununue mu munada, kama bantu bote."

Katika parokia yetu, siku ya mavuno watu huleta magunia, mbuzi, bata, hata viti, na baada ya misa vyote hupigwa mnada uani. Sheria yake inajulikana na kila mtoto wa komunyo: aliyetoa kitu hakinunui, wala mtu wa nyumba yake. Kilichotolewa kwa Mungu hakirudi nyumbani kwa mlango wa nyuma. Cathy akishamtoa mzee, basi, hawezi kumpata tena, ila Hortense anaweza. Hortense alilijua hilo vizuri. Akauza mahindi yake yote mapema, akawa tayari. Alichotakiwa kufanya ni kukaa kimya nusu siku tu, na hicho ndicho hajawahi kukiweza tangu azaliwe.

Wakati wa matoleo Cathy alipanda kuelekea altare amebeba sanamu juu ya kitambaa cheupe, akicheza polepole. Vigelegele vikapigwa. Padri akamshukuru mbele ya watu wote: mama huyu ametoa kumbukumbu ya familia yake. Familia yake! Nikamwona Hortense amevimba. Nikamvuta kikwembe chake cha kiunoni, nikamwita kwa jina la mwanawe.

"Ikala, Mama Ariel. Ikala chini."

Akajinasua, akatoka. Nyumba zetu ziko nyuma tu ya kanisa. Wimbo haujaisha, yeye huyo amerudi na kichwa cha mama yake kifuani. Akakiweka kando ya kile cha baba, akageuka akamtazama Cathy usoni.

"Miye natoa mama yangu mwenyewe," akasema. "Haiko baba ya mwingine."

Vigelegele vikawa vikubwa kuliko vya Cathy. Kwa kitambo kile alishinda. Mjinga! Nampenda, lakini ni mjinga, na nimemwambia.

Mnada ulipoanza, katekista wetu Floribert, mwenye sauti ya kuita treni, aliziweka sanamu mbili mezani pamoja. "Bwana na bibi! Ndoa hatutenganishe!" Watu wakacheka. Hortense akainua mkono.

"Mama Ariel, weye ulitoa."

"Nilitoa mama. Niko nanunua baba."

"Beko pamoja. Ulitoa, haununue."

Sasa ndipo akaelewa. Akaomba zitenganishwe; Floribert akamtazama padri, padri akatikisa kichwa kukataa. Akanisukumia mimi pesa zake ninunue kwa jina langu. Floribert, ambaye macho yake hayana adabu, akapaza sauti kwamba pesa ya aliyetoa ni ya aliyetoa. Cathy alikuwa kwenye viti vya nyuma akicheka bila kuziba mdomo. Natamani angepaliwa.

Aliyenunua ni Papa Zéphirin, mwenye nyumba ya wageni kule Karavia. Mkewe akaja kuzikagua, akazigeuzageuza kama nyanya za sokoni.

"Mwanamuke iko muzuri, tutamuweka ku réception," akasema. "Lakini huyu na pua yake, atakimbiza bageni. Paroisse ibaki naye."

Mama akafungwa katika taulo, akaingizwa garini. Hortense akapiga kelele, "Muniachie basi baba!" Hakuachiwa. Wawili walikwisha kuhesabiwa toleo moja, na kilichotolewa hakirudi. Na kwa kuwa mlango wa ukumbi wa parokia hupigwa na upepo, mzee Mukuka akawekwa chini pale kuuzuia. Mtu aliyewafulia mabwana sanamu za sebuleni, sasa ni kizuizi cha mlango.

Hortense hakulia. Jumamosi alikuja na ndimu na majivu, akamsugua baba yake kama mzee alivyowafundisha wote nyumbani kwake, akang'aa. Jumamosi iliyofuata akamkuta anang'aa tayari. Cathy! Yule yule ambaye bukari ilikuwa haimpiti! Nikamuuliza kulikoni.

"Ni baba ya bwana yangu. Bantu banapita pale. Baseme tulimuacha na mavumbi?"

Hortense akaona ameibiwa mara ya pili. Akaanza kuja Ijumaa. Cathy akaja Alhamisi, tena na mchanga, maana mchanga unang'arisha kuliko majivu. Hortense naye akachukua mchanga. Wamekwenda hivyo mpaka leo, hawasalimiani, kila mmoja akisugua alichokwisha kusugua mwenzake.

Juzi niliinama nikamtazama mzee vizuri. Nyusi hazipo. Midomo imelainika. Na ile pua imeanza kunyooka, kwa kuwa shaba ni laini na mchanga unaula mpindo wake. Nikamwita Hortense. Akapitisha kidole mahali pa mpindo, akautafuta, akarudia kuutafuta. Sijawahi kumwona ameogopa vile.

Cathy akatokea na kopo lake la mchanga.

"Mama Sephora," Hortense akamwita kwa jina la mwanawe, na sauti yake ilikuwa ya kuomba, naapa. "Acha. Baba iko anaisha."

Cathy akasimama, akaitazama ile pua muda mrefu. Nikadhani amesikia.

"Ni weye ulianza," akasema, akapiga magoti, akachota mchanga.