Kaka Yangu na Chumba cha Maji

Kaka yangu hakuruhusiwa kukimbia. Hakuruhusiwa kuogelea mtoni, wala kunyeshewa, wala kukaa nje jioni upepo ukianza kuvuma. Alikuwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu, ingawa nyumbani hatukuutaja hivyo. Tulisema tu "mifupa", kwa sababu maumivu yalipomjia yalikaa kwenye mifupa, na Mama aliwaambia majirani, "Leo mifupa imemwamkia vibaya," nao wakaelewa kwamba siku hiyo Mama hatafungua kibanda chake sokoni.

Tuliishi Migori, katika nyumba ya kupanga nyuma ya soko. Mama aliuza omena, wale dagaa wa ziwani. Alikuwa akienda Sori kununua kwa wavuvi, akirudi na magunia, na leso zake zilinuka ziwa hata baada ya kufuliwa. Baba alifanya kazi Mombasa na tulimwona Desemba. Ni yeye aliyeleta gemu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, ndani ya sanduku la kadibodi lililofungwa kwa kamba ya katani: mashine ya plastiki ya kijivu, padi mbili za kuchezea zenye nyaya fupi, na kaseti moja ya manjano. Alimkabidhi kaka yangu akamwambia, "Hii utacheza ukiwa umekaa."

Kaka alishukuru kwa adabu. Huko nje wavulana wa ploti, watoto wa wapangaji wenzetu, walikuwa wakicheza mpira wa karatasi, na niliona macho yake yakienda dirishani kabla hayajarudi kwenye sanduku.

Kaseti ilikuwa na gemu moja tu, na haikuchezwa na mtu mmoja. Watu wawili wadogo, mmoja mwenye taa na mwingine mwenye kamba, walikuwa wamepotea ndani ya jumba kubwa la mawe. Mlango haukufunguka mpaka mmoja wao asimame juu ya jiwe fulani na kubaki hapo, mwenzake apite, kisha huyo aliyepita atafute jiwe la upande wa pili ili naye amfungulie. Mmoja akifa, wote wawili walirudishwa mwanzo. Maandishi yake yalikuwa ya Kichina au Kijapani, hatukujua, kwa hivyo hadithi tuliitunga wenyewe. Mnyama aliyezunguka kwenye ujia tulimwita ondiek, yaani fisi, kwa jinsi mgongo wake ulivyoteremka nyuma.

Wavulana wa ploti walikuja siku za kwanza, wakachoka. Gemu ile ilitaka mtu anayejua kungoja, na kaka yangu alikuwa amengoja sana maishani, kitandani, akihesabu mabati ya dari. Mimi sikuwa na subira hata kidogo, lakini nilikuwa dada yake na nilikuwa karibu. Basi akanipa padi ya mwenye kamba.

"Usiruke. Ngoja kwanza."

"Si nimengoja!"

"Ngoja tena. Fisi hajageuka."

Nikiruka mapema tukafa, hakunigombeza. Alicheka kwa pua, akabonyeza kitufe cha kuanza upya. Shuleni nilikuwa mtoto wa kupigana na kila mtu. Pale chini kwenye mkeka nilijifunza kukaa juu ya jiwe nikimwamini mtu nisiyemwona, kwa kuwa alikuwa amepita ukutani na taa yake, kwamba atanifungulia. Alinifungulia kila mara.

Gemu haikuhifadhi kitu. Ukizima mashine, safari yote imepotea. Na stima ya Migori mnaijua, ama mliisikia: umeme wa kukatika kila mara. Zaidi ya hayo sisi tulikuwa Waadventista, na jua la Ijumaa likianza kushuka Mama alifunika televisheni kwa kitambaa cha kufuma, na hakuna aliyekigusa mpaka Sabato imalizike.

Ijumaa moja tulifika mbali kuliko siku zote. Tulipita ngazi zinazobomoka, tukampita fisi, tukaingia chumba ambacho hatukuwahi kukiona. Kilikuwa na mlango juu kabisa, na maji yaliyopanda polepole kutoka chini. Tukasimama tu tukikitazama. Mama akaingia na kitambaa mkononi.

"Jua linashuka, watoto wangu."

Kaka yangu hakuwa mtu wa kuomba. Siku ile aliomba. "Mama, funika tu televisheni. Mashine uiache iwake. Hatutaigusa. Itatungoja tu."

Mama akaitazama ile taa ndogo nyekundu kwenye mashine. Alikuwa mama wa kanisa, mwenye kuongoza maombi ya wanawake. Niliona akipima jambo lile moyoni.

"Inafanya kazi Sabato?" akauliza.

"Nimeisimamisha kwa kitufe, Mama. Imepumzika, kama sisi."

Akafunika televisheni, na mashine akaiacha. Usiku ule tulilala tukicheka gizani kama tuliopewa zawadi.

Asubuhi hatukwenda kanisani. Mifupa ilikuwa imemwamkia, lakini safari hii ilianzia kifuani. Hakuweza kuvuta pumzi bila kulia, na kaka yangu hakuwa mtu wa kulia. Mama aliamua kumpeleka Homa Bay, kwa sababu nyanya yetu aliishi huko, naye angepata mtu wa kupokezana naye hospitalini. Mimi niliachwa kwa jirani. Kila nilipopata nafasi niliingia nyumbani kutazama ile taa nyekundu. Jumapili mchana stima ikapotea mtaa mzima.

Nyanya alikuja kunichukua katikati ya juma, akanipeleka hospitalini. Wadi ilikuwa na joto, na madirisha yake yalitazama upande wa ziwa. Kaka yangu alikuwa amekonda uso, macho yake ya manjano yamekuwa makubwa. Mama alikuwa ameketi pembeni ya kitanda akimkanda miguu.

"Mashine bado inawaka?" ndilo neno lake la kwanza.

"Stima ilipotea Jumapili."

"Si kitu. Tutaanza tena. Njia si tunaijua?" Kisha akanivuta karibu. "Na kile chumba nimeshakijua. Nimekifikiria hapa. Tazama." Akalainisha shuka kwa kiganja, akaanza kuchora kwa kidole. "Tulikuwa tunataka kuukimbilia mlango. Tusikimbie. Tungoje maji yajae. Wewe tupa kamba huku, ushike. Mimi nitaelea mpaka juu."

"Huwezi kuelea. Umebeba taa."

"Nitaelea."

"Utazama!"

"We ngoja tu, utaona," akasema, akakohoa, na Mama akanipa ishara nitoke. Nilitoka nikiwa bado nabishana naye kichwani. Nilikuwa na hakika kwamba amekosea, na nikapanga jinsi nitakavyomwonyesha tukirudi.

Hakurudi. Siku chache baadaye nilikuwa kwa Nyanya nikichambua mboga nilipomwona Mama akija njiani bila viatu. Nyanya alimwona pia. Alipiga ukelele mmoja, mrefu, na wanawake wa nyumba za jirani wakaanza kutoka.

Tulimzika nyumbani kwetu, upande wa Kendu Bay. Baba alifika kutoka Mombasa akiwa na suti ya kuazima. Mvua ilinyesha, na nakumbuka nikifikiri kwamba mtu fulani angepaswa kumfunika, kwamba hakuruhusiwa kunyeshewa.

Baada ya hapo Mama hakurudi tena Migori kuuza. Alibaki nyumbani na shamba. Mashine ilipewa watoto wa mtu fulani. Na jina la kaka yangu likaondoka midomoni mwetu. Hakuna aliyelikataza. Mama hakulitaja, nami sikutaka niwe wa kwanza, miaka ikapita hivyo mpaka ikawa kama heshima ya nyumba.

Nilikuja kuwa mwalimu, Homa Bay ileile. Likizo moja mwalimu mwenzangu aliniazima kifaa kidogo cha kuchomeka nyuma ya televisheni, kimejaa gemu za zamani, nicheze na wanangu. Wao hawakukijali. Nilikuwa nikizipitia tu nikasikia muziki. Muziki ulitangulia picha, nami nikaijua gemu yetu kabla haijaonekana.

Televisheni yetu ya Migori ilikuwa nyeusi na nyeupe, yenye chenga. Sasa niliona rangi. Mwenye taa alivaa kanzu ya kijani. Mwenye kamba alikuwa na utepe mwekundu kichwani na sketi. Alikuwa msichana. Miaka yote ile tulidhani wote ni wavulana, na kaka yangu hakujua kamwe kwamba yule niliyemwendesha alikuwa msichana.

Kifaa hiki kilikumbuka mahali ulipoachia. Kwa siku kadhaa nilicheza peke yangu, padi moja mkononi na nyingine mapajani, nikimpitisha huyu, kisha yule. Nilifika chumba cha maji na hapo nikakwama, maana kinataka watu wawili kwa wakati mmoja. Ningeweza kumwomba mwalimu mwenzangu. Badala yake nilibeba kifaa, nikafunga safari kwenda Kendu Bay kwa Mama.

Nilikichomeka kwenye televisheni yake, Mama akatazama. Akaketi karibu yangu. "Yeye alikuwa yupi?"

"Wa kijani. Mwenye taa."

Akanyoosha mkono, akachukua padi ya mwenye taa. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi. "Nifanye nini?"

"Bonyeza hapa usiachie, Mama. Ngoja tu maji yajae."

"Hilo naliweza."

Nikatupa kamba, nikaishika, kama alivyochora kwenye shuka. Maji yakapanda, yakamfikia yule mdogo wa kijani kiunoni, shingoni, kisha yakamfunika. Akazama na taa yake. Tulirudia. Akazama tena.

"Kwa hivyo alikosea," Mama akasema.

"Alikosea, Mama."

Akacheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso, halafu kikawa si kicheko tena, nami nikamshika mabega, nikayahisi yalivyokuwa membamba.

"Mimi pia alinichorea," akasema alipoweza. "Ulipokwisha kuondoka. Kila siku, kwenye shuka ileile. Maji hapa, kamba hapa. Aliniambia, 'Mama, umekumbuka? Nisipokuwepo utamwonyesha.' Mimi naitikia tu. Nilidhani ni homa inayozungumza."

"Hukuniambia."

"Sikujua kwamba ni kitu, nyathina, mwanangu. Nilidhani mtoto anaota."

Akaweka padi juu ya meza. Kisha akalitaja jina lake, taratibu, kama mtu anayepima iwapo kiti bado kitambeba. Akaanza kunisimulia jinsi alivyozaliwa Sori, siku Mama mwenyewe alipokwenda kununua omena akiwa na mimba kubwa, na wachuuzi wenzake wakamzunguka kwa leso zao ufuoni. Sikuwahi kuijua habari hiyo. Nilizima televisheni ili nimsikie vizuri.